Deni la Mshono

Chuma kinapochomelewa, moto hukishika mahali padogo tu, na kwingine kote hubaki baridi. Kiini cha mshono hupita nyuzi 1,500 za Selsiasi, joto linaloyeyusha chuma cha kawaida, huku ukingo wa bamba hilohilo, kwa sekunde za mwanzo, bado ukishikika kwa mkono mtupu. Bamba kupinda, kona ya geti kukataa kukaa mraba, bomba kupata ufa miaka mingi baada ya kufungwa: yote hayo chimbuko lake ni tofauti hiyo ya joto ndani ya kipande kimoja. Kuuiga uchomeleaji kwenye kompyuta ni kuifuata tofauti hiyo tangu cheche ya kwanza hadi chuma kinapopoa kabisa, ili ijulikane kitapinda wapi na kitabaki na mkazo gani ndani yake, kabla fundi hajawasha mashine.

Hesabu ya msingi ni nyepesi kiasi cha kushangaza. Joto likipanda kwa nyuzi 100, yaani kutoka barafu inayoyeyuka hadi maji yanayochemka, fimbo ya chuma yenye urefu wa mita 1 hurefuka kwa milimita 1.2 hivi. Ni kidogo, sarafu nyingi zina unene unaozidi huo. Lakini fimbo hiyo ikibanwa ncha zote mbili isiweze kurefuka hata kwa unywele, mkazo ndani yake hufikia megapaskali 250, na hapo ndipo kilipo kikomo cha unyumbufu cha chuma laini cha ujenzi. Chini ya kikomo hicho chuma hurudi kilivyokuwa. Kikomo kikivukwa, chuma hakirudi. Yaani joto la maji ya chai linatosha kukifikisha chuma mahali pasiporudika, mradi tu kimebanwa. Na mshono haupati nyuzi 100, hupata mara 15 ya hizo.

Chuma kilicho kandokando ya mshono kimebanwa kwelikweli, kwa sababu kimezungukwa na chuma baridi, kigumu, kisichosogea. Kinapopata moto hutaka kurefuka, hukuta ukuta, na kwa kuwa joto limekilegeza, ndicho kinachoshindwa: hufinywa, kikanenepa kidogo na kupoteza urefu. Upungufu huo hauonekani kingali na moto. Hujitokeza kinapopoa, pale kinaporejea kwenye baridi kikiwa kifupi kuliko nafasi kilichoiacha, na majirani zake wasiwe tayari kukifuata. Mshono huwavuta, nao wakauvuta. Hilo ni deni, na dawa ya deni ni kulipa. Ama bamba zima hujikunja ili kuufuata ufupi wa mshono, ama hubaki limenyooka huku mshono ukivutwa ndani kwa ndani kama kamba ya tanga iliyokazwa. Mara nyingi hulipwa kwa njia zote mbili, na kila kinachozuiwa upande mmoja huongezeka upande wa pili: bamba lililobanwa vikali kwa klempu hutoka limenyooka, na ndilo lenye mkazo mkubwa zaidi.

Fundi wa mageti wa mtaani anazifahamu habari hizi bila kuandika hesabu. Hulaza paipu za mraba chini, hupima kutoka kona hadi kona kwa futi, hushikiza kila kona kwa nukta moja ya moto, hupima tena, ndipo anaporudi kuchomelea kwa zamu: kona hii, kisha ile ya mkabala wake. Hamalizi kona moja kabla ya kugusa nyingine, kwa kuwa anajua kona itajifunga kuelekea upande wenye mshono na geti litaenda upande. Ujuzi huo ni wa kweli na unastahili heshima yake. Tatizo ni kwamba hupatikana kwa kuharibu, geti hili likimfundisha fundi namna ya kutengeneza lile. Kipande cha meli chenye uzito wa tani mia, au bomba la mtambo wa nyuklia, hakiwezi kutolewa sadaka ili kumfundisha mtu.

Mkazo unaobaki baada ya kupoa, ambao kwa ufupi unaweza kuitwa mkazo baki, una tabia moja inayoufanya uwe wa hatari: hujisawazisha. Mvuto wa mshono hulingana na mbano wa chuma kilicho pembeni, jumla yake ni sifuri, na kipande hukaa mezani kimya kama kitu kisicho na neno. Jicho halioni kitu, na mizani haioni kitu. Mvuto hujikusanya kwenye ukanda mwembamba na aghalabu hufikia kikomo cha unyumbufu. Mbano husambaa kwenye eneo pana ukiwa mdogo zaidi. Bamba likiwa jembamba, hata mbano huo mdogo hutosha kulikunja, ndiyo maana ubavu wa meli iliyojengwa kwa mabamba membamba huonyesha mabonde kati ya mbavu zake, kama ng'ombe wa kiangazi.

Usiku wa tarehe 16 Januari 1943 meli ya mafuta iitwayo Schenectady, mpya, iliyoungwa kwa kuchomelewa na iliyokuwa imetoka tu kwenye majaribio yake baharini, ilikatika katikati ikiwa imefungwa gatini huko Portland, Oregon, nchini Marekani. Maji yalikuwa tulivu na hewa ya baridi kali; hakukuwa na wimbi wala mgongano. Mkazo uliofungiwa ndani wakati wa ujenzi ulishukiwa mara moja. Uchunguzi wa miaka iliyofuata, ukiwemo wa Constance Tipper wa Cambridge, uliweka lawama kubwa juu ya chuma chenyewe, ambacho kwenye baridi hupasuka kama kioo badala ya kunyumbuka. Hata hivyo mkazo baki hautoki hatiani. Ufa unahitaji pa kuanzia, chuma kisichonyumbuka, na kitu cha kuuvuta ufunguke. Mshono unaweza kuleta hicho cha tatu hata meli ikiwa tupu na imetulia.

Majaribio ya kukokotoa yalianza na joto peke yake. Daniel Rosenthal, katika makala zake za 1941 na 1946, aliuchukua moto wa mashine kuwa nukta moja inayotembea juu ya bamba kwa mwendo usiobadilika, akatoa mlinganyo unaofanyika kwa kalamu na karatasi. Mbali kidogo na mshono mlinganyo huo husema kweli kwa namna inayopendeza, na hadi leo wahandisi huutumia kupata makisio ya haraka. Kwenye nukta yenyewe huvunjika, kwa kuwa hapo joto hupanda bila kikomo. Nikolai Rykalin aliiendeleza kazi ya aina hiyo katika Umoja wa Kisovieti, na kitabu chake kikatoka 1951. Lakini swali la mkazo lilikataa kalamu. Chuma chenye nyuzi 20 na chuma chenye nyuzi 900 ni kama vitu viwili tofauti: cha pili hulegea mpaka kikabaki na sehemu ndogo tu ya nguvu zake, na kila milimita ya bamba hupitia hali hizo zote kwa wakati wake.

Njia ilifunguka pale kompyuta zilipoweza kukigawa kitu kuwa vipande vingi vidogo, kila kimoja kikiitwa elementi, na kukokotoa kila elementi huku ikisukumana na jirani zake. Mwaka 1971, katika Chuo Kikuu cha Osaka, Ueda na Yamakawa walitoa hesabu ya uchomeleaji iliyofuata kulegea, kufinywa na kupoa kwa chuma hatua kwa hatua. Japani wakati huo ilikuwa ikijenga meli kubwa nyingi, na kipande cha meli kilichopinda hakiungani na mwenzake bila kukatwa au kunyooshwa kwa moto. Swali halikuwa la darasani. Mwaka 1973 Hibbitt na Marcal, huko Marekani, walichapisha kazi yao ya aina hiyohiyo, na wote wawili majina yao yameshikamana na programu za hesabu ambazo viwanda vimezitumia kwa miongo.

Kazi yenyewe huanza na umbo. Karibu na mshono elementi huwa na upana wa milimita moja au mbili, kwa kuwa huko joto hushuka kwa mamia ya nyuzi ndani ya umbali mfupi sana. Mbali na hapo zinaweza kuwa kubwa kama kiganja. Kisha joto huingizwa. Nguvu ya moto hupatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea na kutoa kinachopotea hewani. Volti 25 na ampea 200 ni wati 5,000. Ikiwa asilimia 80 yake inaingia kwenye chuma, na mkono wa fundi unakwenda milimita 5 kwa sekunde, basi kila milimita ya mshono hupokea juli 800. Hakuna namba nyingine katika hesabu nzima yenye kauli kubwa kuliko hiyo juu ya ukubwa wa deni.

Juli hizo zimwagwe wapi hasa? John Goldak na wenzake wa Carleton University, Ottawa, walitoa jibu mwaka 1984 ambalo linatumika mpaka leo: zimwagwe ndani ya umbo linalofanana na yai, lililoungwa kwa nusu mbili zisizolingana, ya mbele fupi na ya nyuma ndefu, kama dimbwi la chuma kilichoyeyuka linavyoburuta mkia nyuma ya moto. Vipimo vya yai hilo haviji kwa nadharia. Vinatoka karakana. Mshono wa jaribio hukatwa kwa msumeno, kukingama. Uso uliokatwa husuguliwa kwa msasa wenye chembe kubwa, halafu wa chembe ndogo, halafu wa chembe ndogo zaidi, hung'arishwa hadi mtu akaweza kujiona, kisha hupakwa asidi ya nitriki iliyozimuliwa kwa alkoholi. Ndani ya sekunde chache mng'ao unafifia, na mpaka wa chuma kilichoyeyuka unajitokeza kama doa la maji kwenye kitambaa. Nje yake kuna ukanda wa rangi nyingine, ule uliopata moto bila kuyeyuka. Mhandisi hupima kina na upana wa doa hilo, kisha hurekebisha yai lake mpaka dimbwi la kompyuta lilingane nalo. Asiyefanya hivyo hana uigaji, ana picha ya rangi tu. Ndani ya dimbwi halisi chuma kioevu huzunguka na kusomba joto, lakini hesabu nyingi za mkazo huuacha mzunguko huo na kuufidia kwa kuongeza upitishaji wa joto wa chuma kilichoyeyuka. Ni njia ya mkato inayokubalika, mradi doa lilingane.

Baada ya joto huja nguvu. Historia ya joto ya kila elementi hupelekwa kwenye hesabu ya pili, inayouliza elementi hiyo ilitaka kurefuka kiasi gani na ilizuiwa kiasi gani. Huenda kwa upande mmoja tu, kutoka joto kwenda nguvu, kwa sababu joto linalozalishwa na chuma kufinywa ni dogo mno mbele ya joto la umeme. Hapa mhandisi hukutana na uhaba: anahitaji kujua kikomo cha unyumbufu cha chuma chake katika kila joto, na vipimo vya zaidi ya nyuzi 1,000 ni adimu na vigumu kuvifanya. Wengi huamua kwamba juu ya joto fulani tabia ya chuma isibadilike tena. Uamuzi huo una unafuu wake, kwani chuma kilicholegea kiasi hicho hakina nguvu ya kumsukuma jirani.

Kosa lisilosameheka ni kusahau kwamba kuyeyuka hufuta. Elementi iliyofinywa mara kumi, kisha ikayeyuka, huanza upya kama chuma kilichozaliwa leo. Programu isiyofuta kumbukumbu yake huendelea kukihesabu kuwa kigumu kuliko kilivyo, na mkazo unaotolewa unakuwa mkubwa kupita ukweli. Vivyo hivyo chuma cha nyongeza: kabla elektrodi haijafika, elementi za mshono hazipo, nazo hazina budi kuingizwa kwenye hesabu moja baada ya nyingine, nyuma ya moto. Na mshono mnene huwekwa kwa tabaka. Kila tabaka jipya hupasha la chini yake, likalibana na kulivuta, na chuma kilichobanwa na kuvutwa kwa zamu huwa hakijibu sawa na kilichovutwa mara moja. Kwa chuma kisichoshika kutu, hesabu inayodhani kwamba kila msukosuko hukifanya kiwe kigumu pande zote kwa kawaida huzidisha mkazo. Inayodhani kwamba ugumu huhama tu kutoka upande mmoja kwenda mwingine kwa kawaida huupunguza. Ukweli umekaa katikati, na hesabu inayochanganya dhana hizo mbili ndiyo inayoukaribia.

Vyuma vingine huongeza jambo lao. Chuma cha kaboni kinapopoa haraka hubadili mpangilio wa atomu zake, na badiliko hilo hukiongezea ujazo. Likitokea katika joto la chini, upanuzi huo huja wakati mshono ulikuwa ukikaza, ukaulegeza, na pengine kuugeuza mvuto kuwa mbano. Watafiti wa Japani walitengeneza chuma cha kuchomelea kwa makusudi hayo, kinachobadilika kikiwa kimekaribia kupoa, ili deni lijilipie lenyewe. Hesabu isiyojumuisha badiliko hilo, kwa vyuma vya aina hiyo, inaweza kukosea hata alama: ikaandika kuvuta mahali penye kubana.

Kwa hiyo hesabu ni lazima ishuhudiwe. Kuna njia ya kutoboa tundu dogo la milimita chache na kupima jinsi uso unavyolegea kulizunguka; husema ya juujuu tu. Kuna ya kukikata kipande chote kwa waya wa umeme, kisha kupima kwa sehemu za elfu za milimita jinsi nyuso mbili zilizokatwa zilivyojitokeza au kuzama, na kurudi kinyumenyume hadi mkazo uliozisukuma. Michael Prime wa maabara ya Los Alamos, Marekani, aliichapisha mwaka 2001. Ya tatu hutumia nyutroni, zinazopenya sentimita kadhaa za chuma na kupima umbali kati ya safu za atomu, umbali unaoongezeka chuma kinapovutwa. Hiyo huona ndani bila kuharibu, ila nayo ina mashaka yake: ni lazima ijulikane umbali wa atomu usio na mkazo wowote, na mchanganyiko wa madini kwenye mshono haulingani na wa bamba.

Jaribio lililofundisha mengi kuhusu haya lilikuwa dogo kiasi cha kubebeka kwa mikono. Mtandao wa NeT, ulioanzishwa Ulaya mwaka 2002, ulichagua bamba la chuma kisichoshika kutu lenye urefu wa milimita 180, upana 120 na unene 17, na juu yake mstari mmoja tu wa mshono, milimita 60, katikati. Hakuna kinachoungwa na chochote. Mabamba ya aina hiyo yalipimwa katika maabara mbalimbali, na watu wengi wakayakokotoa, kila mmoja kwa chaguo zake. Uzuri wa mstari huo mfupi ni kwamba una mwanzo na mwisho ndani ya bamba, hivyo mbinu ya kurahisisha kwa kukata sehemu ya katikati na kudhani mshono hauna mwisho haimsaidii mtu. Tofauti za majibu zilifuata chaguo za wakokotoaji: joto kiasi gani limeingia, yai limepimwa vipi, chuma kinakuwa kigumu kwa sheria gani. Bamba moja dogo lilitosha kuonyesha kwamba kompyuta kubwa haifidii kipimo kilichokosekana.

Jambo moja husahaulika kirahisi, nalo lina uzito. Kupinda ni jumla ya mambo yote yaliyotokea kwenye bamba, na jumla huficha makosa: kilichozidi hapa kinafutwa na kilichopungua kule. Mkazo ni wa mahali pake. Hesabu inaweza kuupata mpindo sawasawa na kuukosa mkazo vibaya, na anayetoa mpindo uliolingana kama ushahidi kwamba mkazo wake ni sahihi hajathibitisha kitu.

Kwa meli nzima, kufuata moto milimita kwa milimita bado ni mzigo mzito hata kwa kompyuta za leo. Shule ya Osaka, tangu miaka ya 1970, ilikuwa na jibu la busara. Kiungo kidogo huigwa kwa ukamilifu mara moja, au hupimwa, na kinachochukuliwa ni ufupi wa kudumu uliobaki. Ufupi huo hupandikizwa kwenye mishono yote ya muundo mkubwa, na mpindo ukapatikana kwa hesabu nyepesi isiyo na moto ndani yake. Deni linasomwa bila kuisimulia upya siku lilipokopwa. Njia hiyohiyo sasa hutumika kubashiri kupinda kwa vipande vinavyochapishwa kwa leza kutoka unga wa chuma, ambavyo kimsingi ni mishono maelfu iliyorundikana. Hapo ndipo kompyuta hupata kazi ya fundi wa mageti: hujaribu mpangilio huu wa mishono na ule, bamba kupindwa kinyume kabla ya kuchomelewa, klempu kufunguliwa mapema au kuchelewa, na hakuna chuma kinachoharibika.

Njia ya kawaida ya kupunguza mkazo baki ni kukipasha kipande chote hadi nyuzi 600 hivi, kwa vyuma vingi vya kaboni, na kukiacha kipoe taratibu. Haifai kila mahali. Katika miaka ya 1970 mabomba ya chuma kisichoshika kutu kwenye mitambo ya nyuklia inayochemsha maji yalikuwa yakipata nyufa kandokando ya mishono, upande wa ndani, mahali ambapo mvuto wa mshono, chuma kilichoathiriwa na moto na maji yenye oksijeni vilikutana. Nchini Japani ikabuniwa mbinu inayotumia sheria ileile iliyoleta tatizo. Maji baridi hupitishwa ndani ya bomba, na koili ya umeme huzungushwa nje, juu ya mshono. Ukuta wa nje hupanda mamia ya nyuzi, wa ndani hubaki baridi. Wa nje hurefuka na kuuvuta wa ndani mpaka ukavuka kikomo chake na kurefuka moja kwa moja. Umeme ukizimwa wa nje hupoa na kujirudi, nao wa ndani, ambao sasa ni mrefu kuliko nafasi yake, hubanwa. Ufa haufunguki mahali panapobanwa. Unene wa ukuta, kasi ya maji na dakika za kupasha ndivyo vinavyoamua mbano huo utafika kina gani, na hayo hukokotolewa kwanza, bomba kwa bomba, kabla koili haijafungwa.